Gia ya Pili kwenye Mteremko wa Mtambile

Raya mwanangu,

Amani ya Mwenyezi Mungu iwe nawe, ikutangulie huko unakokwenda na ikukute umefika salama. Hapa nyumbani sote wazima, ila mimi ambaye tangu asubuhi nawapimia watu sukari na kusahau wametaka kiasi gani. Jirani yetu ameniuliza kama naumwa. Nimemwambia ni jua.

Ya kula, ya kuvaa, ya kusali kwa wakati na ya kutolala na mlango wazi, mamako ameshakwambia na bado anaendelea. Namsikia humo ndani akikuuliza kama umetia ile shuka nzito kwenye begi. Hayo sitayagusa. Nimekaa dukani nyuma ya mizani, mlango nimeurudisha nusu ili watu wadhani nimekwenda kusali alasiri, nakuandikia. Nikisema kwa mdomo nitaishia njiani. Unanijua.

Naogopa, Raya. Nianze hapo hapo, nisizunguke.

Siku ile ulipotusimulia habari za yule mama mwenye gereji Dar es Salaam, kwamba anatengeneza magari ya mashindano, na kwamba mwanafunzi wake akishaiva humkalisha nyuma ya usukani akaijaribu gari mwenyewe, macho yako yaling'aa. Mamako akasema mashallah. Mimi niliinuka nikenda kutazama kama mlango wa uani umefungwa, na mlango ule nilikuwa nimeufunga kwa mkono wangu muda si mrefu. Nilisimama pale nimeshika komeo. Nyinyi mlidhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa nasikia sauti ya injini.

Kisa cha gari ya Bwana Nassor unakijua. Nani Mtambile hakijui? Lakini wewe unakijua kama kinavyosimuliwa barazani, kwa vicheko, na kama ulivyokiweka mwenyewe kichwani mwako, kuwa ni siku ya furaha. Mimi sijakwambia nilichokiona kutoka pale nilipokuwa nimekaa. Kila ulipouliza nilikwambia, "Gari iliteleza, basi." Haikuteleza. Nilikosea gia.

Bwana Nassor ni mtoto wa hapa hapa. Alikwenda Muscat kijana, akarudi mtu mzima mwenye nafasi yake. Mwaka ule alikuwa anamwoza mtoto wa dadake huko Chake, na akataka bwana harusi aingie na gari ambayo Pemba haijaiona. Ikaja kwa meli mpaka Mkoani. Viti viwili tu, nyekundu kama shokishoki lililoiva, fupi hata ukiiingia unahisi umekaa mkekani. Ilikuwa gari ya mbio hasa, ya gia za mkono, na gia zake sita. Siku mbili kabla ya harusi Bwana Nassor akateguka mguu wa kushoto bafuni, na mguu wa kushoto ndio wa klachi. Akasema nitafutieni Hamad.

Wakati ule mimi nilikuwa dereva. Najua kwako ni kama hadithi, kwa sababu wewe umekua ukiniona nyuma ya mizani. Lakini nilikuwa dereva, mwanangu, na nilikuwa najiona. Nilikuwa naendesha pikapu ya tajiri mmoja wa karafuu, kutoka mashamba ya huku mpaka Wete, masika na kiangazi, na watu walikuwa wakisema Hamad akipita hata kuku hashtuki.

Nilipofika bandarini Bwana Nassor alikuwa amekaa kwenye kiti, mguu umefungwa bendeji. Alinipa ufunguo akaushika kidogo kabla ya kuuachia.

"Hamad," akasema, "usukani wake uko kushoto, si kama gari za huku. Gia utatia kwa mkono wa kulia. Na gia zenyewe ziko karibu karibu. Zisukume kwa vidole tu, usizivute. Ukiiachia, inarudi katikati yenyewe."

Nikamjibu mbele za watu, "Bwana Nassor, mie gari nimeanza kuendesha sijaota ndevu."

Wapagazi wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Yeye hakucheka. Alitaka kusema neno jingine, kisha akanyamaza kwa heshima yangu. Mara nyingi nimejiuliza lilikuwa neno gani.

Niliambiwa nende Chake moja kwa moja. Sikwenda moja kwa moja. Nilisimama mbele ya nyumba yetu, nikapiga honi. Nilitaka mamako anione, ndiyo sababu, hakuna nyingine. Akatoka na unga mikononi. Wewe ulikuwa hujaanza skuli. Ulitoka mbio miguu mitupu, ukaushika mlango wa gari na kusema, "Na mie, baba."

Mamako akasema, "Hamad, usende naye. Gari si yako na wala huijui."

"Nafika nayo hapo mbele tu, Mize. Narudi sasa hivi."

"Miye nimeshasema."

Akaingia ndani. Mamako akishasema mara moja harudii, nawe umerithi hilo. Nikakuinua, nikakuweka kwenye kiti, nikaona mkanda unakupita shingoni. Nikachukua mto wa barazani nikakukalisha juu yake mpaka mkanda ukakaa begani. Hilo ndilo jambo pekee la akili nililolifanya siku ile.

Tulipanda kile kilima cha kwanza polepole. Injini ikawa inanguruma chini ya makalio yetu, watoto wanatufuata mbio, na wewe umeyashika magoti yako kama bibi mzee. Tulipofika juu uliniangalia ukasema, "Baba, kimbiza."

Na mimi nikakimbiza.

Sasa nisikilize kama fundi. Nilikuwa gia ya tatu, tunateremka, injini inalia, sindano imepanda. Nilitaka kutia ya nne ili itulie. Gia ya nne iko nyuma ya tatu, mstari mmoja. Unarudisha nyuma tu, basi. Lakini pikapu yangu ilikuwa imechoka. Mkono wake wa gia ulikuwa umelegea, ukiurudisha nyuma bila kuangalia unaangukia upande wa pili, mbali na dereva, ukaingia gia ya pili. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimezoea, kila ninapotoka tatu kwenda nne, kuuvutia kwangu kidogo. Nimefanya hivyo miaka mingi hata nilikuwa sijui tena kama nafanya. Na kwenye pikapu, ambayo usukani uko kulia, kuvutia kwangu kulikuwa ndiko kunakoniepusha na gia ya pili.

Gari ya Bwana Nassor usukani uko kushoto. Ukivutia kwako, ndiko iliko ya pili.

Mkono wangu haukufanya uzembe, Raya. Ulifanya lile lile lililokuwa likinisalimisha siku zote. Niliuvuta, ukaingia laini kabisa kama kisu kwenye siagi, nikaachia klachi.

Sauti ile sijapata kuisikia tena, na naisikia kila siku. Injini ilipiga ukelele kama mnyama. Matairi ya nyuma yakashikwa, kwa sababu gari inakwenda mbio za gia ya nne na injini inayazuia kwa nguvu za gia ya pili. Mkia wa gari ukatoka upande wangu. Nikaona mikarafuu, nikaona mbingu, nikaona barabara tuliyotoka, nikaona mikarafuu tena.

Na hili ndilo ninalotaka ulisome mara mbili. Dawa yake ilikuwepo. Ilikuwa chini ya mguu wangu wa kushoto. Kama ningerudi nikakanyaga klachi pale pale, matairi yangeachiwa, gari ingeyumba, na mimi ningeishika. Kila dereva anajua hivyo. Mimi pia nilijua. Lakini nilikaza meno, nikaukamata ule mkono wa gia kwa nguvu zangu zote, nikabaki nimeung'ang'ania hapo hapo kwenye kosa, kana kwamba nikiuachia ndipo tutakapokufa.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Kandokando ya barabara watu wameanika kwenye majamvi, safu kwa safu. Gari ikapita juu ya majamvi kinyumenyume, karafuu zikaruka kama mvua ya changarawe, zikapiga kioo, zikaingia mpaka ndani. Kisha ikagonga ukingo wa udongo, injini ikazima. Harufu ya karafuu na ya klachi iliyoungua, zote mbili pamoja. Mpaka leo mamako akitia karafuu kwenye chai naiacha ipoe, kisha naimwaga uani asione.

Nikageuka kukutazama. Ulikuwa umefumbua macho makubwa. Ukasema, "Baba, tena!"

Ulikuwa unacheka. Mto uko chini yako, mkanda begani, nywele zimejaa karafuu, na wewe unacheka mpaka mabega yanatikisika. Nilitaka kukupiga, Mungu anisamehe, na nilitaka kukukumbatia, na sikuweza hata kimoja kwa sababu mikono ilikuwa bado imeikamata gia.

Ndipo nikasikia mtu ananiita kwa nyuma, kwa sauti ya taratibu kabisa.

"Mwanangu. Hebu sogeza gari kidogo. Umenikanyagia kanga."

Alikuwa Bi Time. Wewe ulimjua alipokuwa kizee wa kitandani, lakini siku hizo alikuwa bado ana nguvu zake, na zile karafuu zilikuwa zake. Alikuwa amesimama baina ya gari na ukingo, mgongo kwenye udongo. Ncha ya kanga yake ilikuwa chini ya tairi la nyuma. Hakuwa na mchubuko. Lakini hakuweza kwenda mbele wala nyuma, na tairi lilikuwa karibu naye hata nisingeweza kupitisha mkono katikati.

Nilitoka, nikamwona, nikapiga magoti pale pale njiani.

"Kwanza mtoto," akasema. "Mtoto mzima?"

"Mzima, Bi Time."

"Basi inuka usukume. Jua kali."

Nilijaribu kuwasha, haikuwaka. Nilijaribu kusukuma, mikono haikuwa na nguvu ya kusukuma hata kikapu. Akaichana kanga yake kwa meno, akatoka, akaiacha ile ncha chini ya tairi. Kisha akanifuata pale nilipokuwa nimekaa chini, akaninywesha maji kwa kata, huku mkono wake mwingine amekupakata wewe, nawe unamwonesha kwa kidole jinsi gari ilivyozunguka. Jioni ile watu walizikusanya karafuu naye moja moja. Wewe ulisaidia. Mimi sikuweza kuinama.

Bwana Nassor alikuja nyuma ya vespa ya mtu, mguu umening'inia. Mafundi wakaifungua injini, wakaitazama, wakaifunga. Valvu zimekutana na pistoni. Hapana la kutengeneza. Nikamwambia kabla hajauliza, "Nimetia ya pili badala ya nne." Nilikuwa nangoja anitukane, ingenifaa. Akasema, "Mtoto wako ni huyu?" Nikasema ndiye. Akasema, "Mrudishe kwa mamake." Akaondoka. Gari ikarudishwa bandarini juu ya lori, imefunikwa turubai. Bwana harusi aliingia na gari ya kukodi. Hakuna aliyewahi kunidai wala kunilaumu, na hata mamako, aliyekuwa na haki zote, alinitazama tu nilivyokushusha mlangoni, akakupokea, akakuogesha.

Hiyo ndiyo siku yenyewe. Lakini si siku ile iliyoniharibu, mwanangu. Kilichoniharibu ni kilichofuata, na hicho ndicho nilichokitia katika maisha yako.

Asubuhi ya pili nilikwenda kwa tajiri nikarudisha ufunguo wa pikapu. Nikamwambia kifua kinanibana. Nikafungua duka hili. Watu wakasema Hamad katulia sasa, kapata hekima. Ile haikuwa hekima. Kila nilipoona gari inateremka nilishika kitu kilicho karibu. Na wewe ukawa unakua.

Unakumbuka baiskeli aliyokuletea mjomba wako Kombo? Niliitoa pumzi, nikakwambia tairi zimeoza. Unakumbuka wenzako walipokwenda Unguja na skuli, na wewe ukabaki ukisema baba anasema bahari mbaya? Bahari ilikuwa shwari kama maji ya sinia. Nilikuwa nakupeleka skuli kwa miguu mpaka umekuwa msichana mkubwa, nimekuweka upande wa ndani wa njia, nimekushika kiganja, na wenzako wanakucheka. Siku moja ulinyofoa mkono wako ukaniambia, "Baba, unaniumiza." Niliutazama mkono wako, una alama za vidole vyangu. Nilikuwa nimekushika vile vile kama nilivyoishika ile gia.

Sikukuomba radhi siku ile. Nakuomba leo.

Na uone Mungu alivyo. Mtu aliyekuwa anachungulia kila gari inayopita, hakujua kwamba binti yake anakwenda kila Jumamosi uwanja wa mpira kufundishwa gari na mjombake. Nilijua siku ile ya Ijumaa tu.

Ijumaa ile nataka kuisema polepole, kwa sababu tangu ipite hatujaizungumza mimi na wewe hata mara moja. Wanaume wote wameshakwenda msikitini. Mimi nilichelewa, nilikuwa nafunga duka. Nikasikia unaniita kutoka uani kwa sauti ambayo si yako. Mamako amekaa chini kando ya beseni la nguo, uso mweupe, na damu imeshuka. Mimba miezi saba. Hakulia. Aliniambia, "Hamad, ntoto huyu," akashindwa kumaliza.

Pikapu ya Kombo ilikuwa imesimama mbele ya nyumba yake, ufunguo ndani, mwenyewe yuko msikitini. Tulimbeba tukamweka katikati ya kiti. Nikakaa nyuma ya usukani. Nikawasha. Mguu wa kushoto ukaanza kutetemeka juu ya klachi kama wa mtu mwenye homa. Nikaachia, gari ikazima. Nikawasha tena, ikazima. Mkono wangu ulikuwa juu ya gia na sikuona gia. Naona kanga chini ya tairi. Mamako ameniegemea begani na anazidi kuwa mzito, na mimi siwezi, Raya. Siwezi kumpeleka mke wangu hospitali. Gari ipo, barabara ipo, nami nimekaa tu nalowa jasho.

Wewe ulikuja upande wangu ukafungua mlango.

"Baba, shuka. Zunguka upande wa pili."

"Weye hujui!"

"Najua."

"Nani kakufunza?"

"Baba, shuka."

Nikashuka. Nilizunguka ile gari nimeshika bodi yake nisianguke. Ulipoondoka hukuirusha. Niliona mguu wako unavyoachia klachi, polepole, kama mtu anayeteremsha mtoto aliyelala. Sikuwa natazama njia. Nilikuwa natazama mkono wako tu. Moja, mbili, tatu. Mamako analalamika chini chini. Tukaingia kwenye mteremko, mfano wa ule wa siku ile, ila huu wa kuelekea kusini ni mrefu zaidi, nikajua sasa utatia ya nne. Nikafumba macho.

Gia ikakwaruza.

Ulikosea. Nilisikia meno ya gia yanasagana, gari ikashtuka, mamako akapiga kelele, na mimi nikajua ndiyo hii, imetukuta tena, na safari hii sote. Nikafumbua macho nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Ulikanyaga klachi. Ukauachia mkono wa gia kabisa, ukaviinua vidole vyako juu, ukauacha ukae wenyewe katikati. Gari inateremka, haina gia, na wewe mkono wako uko hewani. Kisha ukaurudisha, ukatia ya nne. Ikaingia.

Ukasema, "Samahani, mama."

Basi. Ukaendelea na safari. Hukunitazama kuona nimekuonaje. Ulikwishalisahau kabla hatujafika kwenye kona, na mimi mpaka leo nalitazama.

Tulifika Mkoani, wakampokea mamako kwa machela, na kabla ya jua kuzama tukaambiwa mama mzima na mtoto mzima, msichana, mdogo kama kopo la maziwa. Arafa huyu anayetambaa sasa kwenye begi lako na kuzitoa nguo unazozipanga. Kila mtu alikupongeza wewe. Kombo alilia. Mimi nilikwenda nikakaa nje ya ukuta wa hospitali, na nyinyi mlidhani nimekwenda kushukuru. Nilishukuru, lakini baadaye. Kwanza nilikuwa naona haya, kisha nikawa naogopa zaidi kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu niliona kuwa wewe utaondoka. Mtu anayeweza vile hakai.

Sasa unaondoka. Sitakwambia usiende mbio. Unakwenda kuifanya kazi ya mbio, na ningekuwa nakudanganya au najidanganya. Sitakwambia usikosee. Utakosea. Utatia ya pili badala ya nne, kwenye gari au kwenye jambo jingine, na huenda siku hiyo mkono wako usiwe na kosa lolote, umefanya tu kama ulivyozoea kwetu, mahali ambapo usukani uko upande mwingine. Dar es Salaam usukani wa mambo mengi uko upande mwingine. Watakuonya, na wewe utajibu kama nilivyomjibu Bwana Nassor. Mtu akikushikia ufunguo kidogo kabla ya kukupa, mngoje amalize neno lake.

Na likikutokea, nakuomba unipigie simu mimi. Najua utataka kumpigia Kombo, yeye hatakupigia kelele. Nipigie mimi. Huenda nikapiga kelele kwanza, nivumilie, kisha nitakusikiliza. Sitakwambia rudi nyumbani. Nikikwambia rudi, jua ni hofu yangu inayosema, ukate simu, unipigie kesho yake.

Nimebakisha moja, na hili hata mamako hajui.

Tangu ulipopata barua ya kukubaliwa na yule mama wa gereji, nimekuwa nikimwomba Kombo anipe pikapu yake baada ya alfajiri. Tunakwenda uwanja ule ule aliokufunza wewe. Siku ya kwanza nilikaa tu nyuma ya usukani, hatukuwasha, Kombo akala muhogo wake kimya. Siku ya pili niliwasha. Sasa naweza kuuzunguka uwanja wote, naweza kutia tatu. Ya nne bado. Ninapokaribia kuitia nasikia ukelele ule na mkono unakauka. Kombo ananiambia, "Shemeji, kwenda Mkoani hulazimiki kutia ya nne. Nenda na tatu." Nimemwambia na iwe hivyo. Kesho watu watatupita wote, hata punda, lakini mimi ndiye nitakayekupeleka kwenye meli.

Tafadhali usiniambie nikupe usukani. Utaniona natoka jasho, utaona mguu unatetemeka, na najua mkono wako utakuwa unakuwasha. Kaa upande wa abiria na mamako na Arafa. Tazama mikarafuu. Kama gia ikikwaruza, nyamaza, niachie niitafute mwenyewe.

Sijui kama nitaweza. Nakuandikia kabla ya kujua. Karatasi hizi nitazikunja nizitie mfukoni mwa shati, na nimejiwekea nadhiri kwamba sitakupa mpaka tufike bandarini na nizime gari kwa mkono wangu. Kwa hiyo kama unazisoma, umekaa melini, na mimi niliweza.

Sasa niombee dua, mwanangu. Mamako na Arafa watapitia kwa shangazi yako hapo Mkoani wakae mpaka jioni, na mimi inabidi nirudishe gari ya watu Mtambile, peke yangu.

Babako,
Hamad